Fundi wa Nyuzi Anajibu: Vijiti vya Mshikaki, Vibanio na Gitaa Lililolazwa Mezani

Barua za safari hii karibu zote zimeegemea upande mmoja: watu wanataka gitaa litoe sauti ambazo aliyelitengeneza hakuziwazia. Nami nimefurahi, maana nimechoka kuulizwa gitaa jipya linauzwa bei gani. Mimi ni fundi, si dalali. Nimejibu nikiwa kibandani kwangu Mabatini, hapa Mwanza, na gitaa la kupimia kila neno nikiwa nimelipakata.

*Shikamoo Fundi. Ni kijana wa Nansio, Ukerewe, napiga gitaa kavu kwaya. Kwenye simu nimemwona mzungu kalaza gitaa mezani, anasugua nyuzi kwa vyuma na kuzibana kwa vibanio. Wenzangu wamecheka sana, mimi usingizi umekata. Ule ni muziki au mzaha? Na kama ni muziki, nianzie wapi bila kuliua gitaa la kanisa? Wabeja sana.*

Marahaba, kijana. Naanza na la mwisho: gitaa la kanisa liache kanisani. Tafuta bovu, hata lenye ufa ubavuni, mradi shingo imenyooka na funguo zinakaza. Mafundi tunayo mengi ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua.

Ni muziki, na una umri kuzidi wa baba yako. Mwingereza Keith Rowe alikuwa mpiga gitaa wa jazi kabla ya kuingia kundi la AMM lililoanza London mwaka 1965. Aliona jinsi mchoraji Jackson Pollock wa Marekani alivyotandika turubai sakafuni badala ya kulisimamisha, naye akalilaza gitaa mezani. Gitaa likishalala, vidole havina tena kazi ile waliyozoea. Ukiweka kisu kinakaa, ukiweka springi inakaa, hata redio ndogo unaweza kuiegesha juu ya pikapu, kile kisumaku kinachonasa sauti ya nyuzi za gitaa la umeme, ikaongea humo humo. Mwingereza mwenzake Fred Frith alitoa albamu ya gitaa peke yake mwaka 1974, na gitaa lake moja aliliongezea pikapu ya pili huku juu karibu na kichwa. Kwa nini, utaelewa sasa hivi.

Chukua kijiti cha mshikaki, kisafi. Kipitishe chini ya nyuzi zote, kikae juu ya chuma cha freti ya 12 (freti ni vile vijichuma vya shingoni, huhesabiwa kutoka kichwani), nyuzi zikikikandamiza. Gitaa kavu la kawaida lina urefu wa uzi wa sentimita 65 hivi, na freti ya 12 iko katikati kabisa. Kwa hiyo umeukata uzi vipande viwili vilivyo sawa, na pande zote mbili za kijiti zinalia noti moja. Piga kulia kwa kijiti, halafu kushoto. Sasa kisogeze freti ya 7. Upande wa daraja, kule nyuzi zinakofungwa kwenye ubao, umebaki na theluthi mbili za uzi, upande wa kichwa theluthi moja, na noti ni ile ile ila moja iko oktevu juu ya mwenziwe. Freti ya 5 inakupa robo tatu na robo: huku A, kule E ya juu kabisa, kama uzi ulikuwa E. Noti zote zitapanda kidogo kwa sababu kijiti kinauvuta uzi, hivyo legeza funguo kwa sikio. Hapo umepata magitaa mawili kwenye shingo moja. Gitaa kavu linazisikia pande zote mbili. La umeme, pikapu zake zimekaa upande wa daraja tu, upande wa pili linausikia kwa mbali. Ndiyo maana Frith akaongeza pikapu kule juu.

Baada ya kijiti, nenda kwa vibanio. Si vya nguo, vile vidogo vyenye meno wanavyotumia mafundi wa redio. Bana kimoja kwenye uzi wa tano (tunahesabu kuanzia mwembamba), karibu na daraja. Uzi mtupu una tabia njema: sauti zake ndogo ndogo za ndani zinapangana mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile kubwa. Ukiutundika uzito sehemu moja, mpango huo unavurugika, na sikio linaambiwa hii si nyuzi tena, ni kengele. Sogeza kibanio upana wa kucha, kengele inabadilika. Mmarekani John Cage aliyafanya haya kwenye piano, akipachika skrubu na vipande vya mpira kati ya nyuzi, mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuelekea 1940. Sababu yake haikuwa falsafa: alitakiwa kutunga muziki wa mchezaji ngoma, na ukumbi haukuwa na nafasi ya kundi la wapiga vyombo vya kugonga.

Na kipande cha karatasi. Ukate ukanda mwembamba, uusuke juu chini kati ya nyuzi karibu na daraja, gitaa litaunguruma. Mwalimu wa kwaya atakuambia gitaa limeharibika. Mwambie ng'ambo ya ziwa, Waganda wana endongo ambayo nyuzi zake zimepitishwa karibu sana na ngozi ya kenge makusudi ziungurume, na Wagogo wanaziba tundu la ilimba, ala yao ya vijiti vya chuma, kwa utando wa buibui kwa sababu hiyo hiyo. Kuunguruma kwa huku kwetu ni kiungo.

Kipimo changu ni kimoja. Aliyetoa sauti ya ajabu, mwambie airudie. Akiirudisha pale pale, kwa nguvu ile ile na ndani ya mpigo, huyo anapiga gitaa. Akishindwa, kaangusha sahani. Najua wapo wa muziki usiopangwa watakaobisha kwamba kutorudia ndiyo raha yenyewe. Wabishe, wengi wao wanaweza kurudia wakitaka. Wewe chukua sauti moja tu, kibanio kwenye uzi wa tano, ukaitafutie mahali ndani ya wimbo mmoja unaoujua. Waweza kuipiga mwisho wa kila mstari, panapokuwa na pengo la kuvuta pumzi. Kijiti na karatasi vitasubiri.

*Fundi, mambo? Napiga sekondi solo kwenye bendi ya maharusi hapa Igoma. Nyimbo ni zile zile kila Jumamosi. Natamani kugeuza tyuni lakini hakuna pumziko kati ya wimbo na wimbo, na bosi hataki kusikia kitu kigeni. Nifanyeje?*

Poa. Bosi wako ana haki, anayelipa ni bwana harusi. Kwa hiyo geuza kitu ambacho hakihitaji kuguswa ukiwa jukwaani.

Wapiga gitaa wa Kongo walikuwa na gitaa waliloliita mi-composé, likiishi katikati ya ridhimu na solo, yaani palepale unaposimama wewe. Unatoa uzi wa nne, ile D nene, unaweka mwembamba na kuukaza hadi D ya oktevu ya juu. Nunua uzi wa kwanza wa ziada ndio uweke pale, maana D hiyo iko sauti moja tu chini ya E ya uzi wa kwanza, hivyo hautakatika. Vidole vyako vinabaki na mashiko yale yale uliyozoea, lakini mpangilio wa juu na chini umevurugika: unashuka kutoka uzi wa tatu kwenda wa nne, na sauti inapanda. Zile ridhimu za rumba zinazozunguka kama hazina mwanzo, nyingi zimepata utamu hapo. Angalia jambo moja tu, kale kafereji ka uzi wa nne kule kichwani ni kapana, uzi mwembamba utatembea. Tia kipande cha karatasi ngumu chini yake, au niletee.

Ukija kupata gitaa la pili la kuweka pembeni, literemshe: uzi wa sita kutoka E kwenda D, wa tano kutoka A kwenda G, wa kwanza kutoka E kwenda D. Zikilia wazi zote unapata G kamili, na kidole kimoja kilicholala freti ya 5 ni C, freti ya 7 ni D. Tena gitaa hilo ndilo la kuteleza kwa shingo ya chupa. Lakini teremsha, usipandishe. Kupandisha uzi sauti moja nzima kunaongeza mvuto wake kwa zaidi ya robo, na magitaa ya siku hizi yaliyogundishwa haraka haraka daraja linang'oka.

Kuhusu kuchoshwa na nyimbo za kucheza: Derek Bailey wa Sheffield, ambaye wapenda muziki huru wanamtaja kwa heshima kubwa, alikula miaka mingi kwenye kumbi za dansi na orkestra za redio kabla ya kuanza kupiga yale mambo yake. Mkono wake ulijifunza kwenye kumbi hizo.

*Bwana Yesu asifiwe, Fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya, Nyegezi. Vijana wangu wameanza kugonga gitaa kwa viganja kama ngoma, mpaka rangi inabanduka. Naomba uwakanye hadharani.*

Amina, mwalimu. Kuhusu rangi nitawakanya: wavue pete, na wagonge kwa nyama ya kidole gumba pembeni mwa daraja na kwa ncha za vidole ubavuni, si kifuani palipo na tundu, ubao hapo ni mwembamba.

Kuhusu kugonga, hapana. George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963, alipiga mtindo wa omutibo, na ngoma yake ilikuwa chupa ya Fanta, ile ya mistari, ikikwaruzwa kwa chuma. Watu walicheza. Kama kwaya yako haina mpiga ngoma, hao vijana wamekuokolea fedha.

*Shikamoo mzee. Nyumbani ni Shirati, Rorya, ila nafanya kazi Mwanza. Marehemu babu alipiga nyatiti, kinubi chetu Wajaluo. Najaribu kuuhamishia kwenye gitaa, lakini gitaa linaimba kwa utamu mno, linakosa ule ukavu. Nakosea wapi?*

Marahaba, mjukuu wa nyatiti. Hukosei, ila umeliacha gitaa liongee Kihispania.

Hapo kwenu Shirati ndipo alipozaliwa Daniel Owino Misiani, mwaka 1940, kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuiongoza Shirati Jazz hadi benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, ikajulikana kila kona. Alifariki kwa ajali ya gari Kisumu mwaka 2006. Sikiliza rekodi zile kwa sikio la fundi. Gitaa halikwanguliwi kodi, yaani noti nyingi kwa pamoja, za nyuzi sita. Linadonoa noti moja moja na mbili mbili, mwimbaji akimaliza mstari linamjibu kwa karibu maneno yale yale, na besi haitulii. Nyatiti nayo iko hivyo, inamjibu mwenye kuimba.

Ukavu unaoutafuta unatokana na sauti kufa mapema. Nyatiti ina nyuzi nane, siku hizi nyingi ni za nailoni, na kila noti inasema na kunyamaza. Kwenye gitaa, kata kipande cha sponji cha kuoshea vyombo, kipachike chini ya nyuzi kikigusana na daraja. Usikibane sana: noti lazima bado ijulikane ni ipi. Halafu sogeza mkono wa kulia upigie karibu na daraja, siyo juu ya tundu. Utamu wote utakimbia papo hapo. Wengine hutumia ubavu wa kiganja badala ya sponji, na ukishazoea ni bora zaidi maana unauondoa unapotaka noti moja ilie kwa muda mrefu. Lakini kwa kuanzia sponji haisahau.

Weka kidole gumba na cha shahada tu. Usiwadharau vidole viwili. Mwenda Jean-Bosco, yule wa Katanga, Kongo, aliyeimba Kiswahili, aliporekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, huko Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952 alikuwa akipiga kwa gumba na shahada, na watu wenye vidole kumi wanamtafuta hadi leo. Gumba lako lichukue nyuzi za chini kwa mpigo usioyumba, shahada iruke juu yake, isiangukie mahali pamoja na gumba. Wasipokutana kabisa ndipo msikilizaji anaposikia wapigaji wawili.

Limebaki la mguu, nalo ndilo ambalo wapiga gitaa wote wanalisahau. Babu yako alivaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, akigonga nayo mti wa nyatiti. Bila ule mgongano nyatiti ni nusu. Gitaa huwezi kuligonga kwa mguu, lakini unaweza kukalia kigoda kifupi, ukaweka ubao mkavu sakafuni na kisigino chenye kisahani cha chuma. Mimi napendelea njuga za kifundoni, za wachezaji ngoma wa Kisukuma; ukienda makumbusho ya Bujora pale Kisesa utaona zilivyo, kisha utafute mhunzi wa kukufulia. Anza mguu peke yake, bila gitaa, mpaka uweze kuongea na mtu huku unagonga na mpigo usiyumbe. Kisha ongeza gumba. Shahada ije mwisho. Wengi wanaanza na shahada kwa kuwa ndiyo yenye melodi, na mguu haufiki kamwe.

*Fundi, habari za kazi. Ni mama, Sengerema. Binti yangu wa miaka kumi na miwili anatumia mkono wa kushoto na analishika gitaa la kaka yake kinyume, nyuzi nene zikiwa chini. Mwalimu anasema lazima abadili mkono. Analia. Nimsikilize nani?*

Msikilize binti, mama.

Elizabeth Cotten wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1893 kule North Carolina, alijifunza hivyo hivyo kwenye vyombo vya kaka yake, gitaa limegeuzwa, nyuzi hazijaguswa. Besi akapiga kwa vidole, melodi kwa gumba, kinyume cha wote wanaotumia mkono wa kulia. Alifanya kazi za ndani za watu kwa miaka mingi, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958 akiwa amepita sitini. Mtindo wake una jina lake mpaka leo, na wenye mkono wa kulia wanahangaika kuuiga bila kuupata sawasawa, maana gumba la mtu haliwi kidole.

Kuna njia ya pili, kugeuza nyuzi zikae kama za kawaida upande wa kushoto, alivyofanya Jimi Hendrix. Kwenye gitaa kavu hiyo si kazi ya kufanyia sebuleni. Ule mfupa wa kwenye daraja, hasa kwa gitaa la nyuzi za chuma, umelazwa kwa mshazari ili nyuzi nene ziwe ndefu kidogo. Ukigeuza nyuzi bila kugeuza mfupa, gitaa halitashika tyuni sawa kuanzia freti za katikati kwenda juu. Na kaka yake atawafuata na fimbo. Kwa gitaa la kuazima, mtindo wa Cotten hauna gharama yoyote. Mwalimu akisumbua, mwambie amfundishe noti, mikono ni ya mtoto.

*Fundi, mimi mvuvi wa Muleba. Nyuzi za gitaa huku hazipatikani na zikipatikana ni ghali. Mshipi wa kuvulia unafaa? Na waya wa breki ya baiskeli je?*

Mshipi unafaa kuliko unavyodhani. Nyuzi za gitaa laini zilikuwa za utumbo wa wanyama mpaka vita kuu ya pili, utumbo ulipoadimika kwa kuwa ulihitajika kushonea majeruhi. Albert Augustine, mtengenezaji wa New York, akageukia nailoni, na Andrés Segovia, mpiga gitaa maarufu wa Hispania, akazipiga. Nailoni hiyo na ya mshipi wako ni ndugu.

Tazama unene ulioandikwa kwenye kibao cha mshipi. Uzi wa kwanza chukua milimita 0.7, wa pili 0.8, wa tatu 1.0. Maduka ya zana za uvuvi ya Kirumba wanazo, na nadhani huko kwenu pia, ukiuliza wa samaki wakubwa. Chagua mweupe unaopitisha mwanga, na uupitishe kati ya vidole urefu wote: ukihisi kinundu, acha, hautatyuni. Choma ncha kwa kiberiti ijikunje iwe kitone, ndipo ufunge kwenye daraja, vinginevyo fundo litateleza. Siku za kwanza utakuwa unakaza asubuhi na jioni, nailoni inajinyoosha kabla ya kutulia. Nyuzi tatu nene usihangaike nazo, hizo zimeviringishiwa waya juu ya nyuzi laini, hakuna mshipi unaozifikia, hizo nunua.

Waya wa breki ni habari nyingine. Ibrahim Ag Alhabib wa Tinariwen, bendi ya Watuareg wa Mali, utotoni jangwani alijitengenezea gitaa la kopo na kijiti na waya wa breki ya baiskeli, likalia. Lakini lilikuwa kopo, halikuwa na daraja la gundi. Nyuzi sita za nailoni kwa jumla zinavuta kama kilo 40, za chuma zinafika 70 na zaidi. Ukifunga chuma kwenye gitaa la nailoni, ubao utavimba tumbo kwanza, kisha daraja litaruka, na likiruka usiwe umeinamia. Kopo la mafuta, sawa, jaribu, na ukifanikiwa uniandikie umelitoboaje. Na kama gitaa lako ni la umeme, mshipi usipoteze muda nao. Pikapu ni sumaku, na nailoni haiisikii.